Nyoka Hajaziwi Hori

Huku mlimani ukifuga kiumbe asiyetoa maziwa wala mayai, watu wanaamini umerukwa na akili. Swali lao ni moja, aulize mhubiri, aulize mwalimu wa madrasa, aulize mteja aliyekuja kununua misumari: ana faida gani? Mti ambao hawajui bei ya mbao zake hawaupandi. Ng'ombe asiyekamuliwa anapelekwa kwa mchinjaji. Hata mzee akizidi kukaa barazani bila kutumwa dukani, wanaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Nimezaliwa Nyeri na nimezeeka Nyeri, na swali hilo nimelichukia maisha yangu yote.

Mimi nauza mchanga, kokoto na saruji. Uwanja niliachiwa na marehemu mume wangu, upande wa chini wa mji, si mbali na Majengo nilikozaliwa. Mchanga wetu mzuri hutoka kule kwenye joto, mbele ya Isiolo, na huletwa na malori. Siku moja lori lilimwaga mzigo na wapakuaji wakatawanyika kama waliomwagiwa maji ya moto. Juu ya rundo alikuwa amelala nyoka mfupi, mnene, rangi ya chungwa lililoiva, na madoa ya kahawia mgongoni, mkia wake butu kama kidole gumba. Mmoja alikuwa ameshainua sepetu. Nikamwambia akimgusa asirudi kazini kesho. Si kwamba nilikuwa najua lolote kuhusu nyoka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka eda, wanaume wale walikuwa wamezoea kunipangia mambo kwenye uwanja wangu mwenyewe, na siku hiyo nilitaka kusema hapana kwa kitu chochote kile.

Nikamwingiza kwenye ndoo ya rangi kwa ubao. Baadaye niliuliza kwa watu wa wanyamapori, wakaniambia ni chatu mdogo wa mchangani, jike, hana sumu, na kwamba siruhusiwi kumfuga bila kibali. Nikaomba kibali. Nilizungushwa mpaka viatu vikaisha, lakini nilipata. Nadhani walinipa ili wapumzike.

Fundi wa madirisha alinitengenezea sanduku la kioo. Nililijaza mchanga niliouchekecha mwenyewe, nikaweka balbu upande mmoja ili achague mahali pa joto na mahali pa baridi. Kila baada ya wiki mbili hivi nilimpa panya mdogo, tena panya aliyekwisha kufa, niliyemshika kwa koleo. Panya hai ana meno, na nyoka akiwa amepoa hana nguvu za kujitetea. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kufundishwa na sikulivunja hata mara moja.

Alikuwa anafanya nini? Hakuna. Siku nzima amejizika, unaona macho mawili tu juu ya mchanga, yamewekwa karibu na utosi kana kwamba aliyemuumba alijua huyu atapenda kujificha. Jioni nikifunga duka nilikuwa nakaa mbele ya kioo na kikombe changu cha chai ya tangawizi. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaoniambia nifanye nini: mama yangu, mashemeji, majirani waliojua mwanamke mjane anatakiwa aishi vipi. Yeye hakuwa na ushauri. Nilimpenda, na sioni haya kulisema. Wanawake wa Majengo walisema ni jini. Mwalimu wa madrasa alikuja kuangalia, akakumbusha kwamba nyoka wa nyumbani huonywa mara tatu kabla ya kuuawa, akaniuliza kama nimemwonya. Nilimwambia namwonya kila siku, na yeye ananidharau kila siku. Hakucheka.

Sasa nimlete ndugu yangu, maana bila yeye kisa hiki kisingekuwepo. Ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Baba yetu alikuwa mtoto wa askari wa zamani aliyeletwa hapa na serikali ya mkoloni kisha akasahaulika. Mama ni Mkikuyu wa hapahapa, aliyesilimu alipoolewa. Mimi nilibaki mjini. Ndugu yangu alifuata damu ya mama akawa mkulima, mbele ya Naro Moru, mahali ambapo upepo wa mlima unapita ndani ya koti kana kwamba hujavaa. Ni mtu wa bidii. Hilo simnyimi. Lakini bidii yake ina ugonjwa: kila anachosikia kinalipa, anakifuga. Alifuga sungura. Wakati wa wazimu wa kware, nchi nzima ilipoambiwa mayai ya kware yanaponya kila kitu kasoro umaskini, alijaza vizimba mpaka kwenye chumba cha kulala watoto. Soko lilipoanguka, familia ilikula kware asubuhi, mchana na jioni mpaka wifi yangu akawa akisikia mlio wake anatapika. Kisha akaingia kwenye kuku, na kwenye kuku angalau alitulia. Vizimba vya kware hakuvitupa. Alisema vitapata kazi.

Kwa miaka alipokuja kwangu alikuwa akikaa mbali na kile kioo na kunicheka. Kisha siku moja alienda moja kwa moja akachuchumaa mbele yake.

"Dada, hii nyoka yako ni ya kike ama ya kiume?"

"Jike. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Ndugu yangu hajawahi kuuliza tu. Nilimimina chai nikamngojea.

"Kuna mtu ya Nanyuki ameniambia wazungu wananunua hizi. Kihalali kabisa, na makaratasi. Hii rangi ya machungwa ndio wanataka. Na hii haitagi mayai, ati inazaa watoto wakiwa hai, kama mbuzi. Tena wengi! Wewe umekaa na mali ndani ya nyumba miaka yote hii, unaiangalia tu."

"Ndiyo. Kazi yangu ni kumwangalia."

"Unaiangalia ikifanya nini?"

"Hakuna."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, jinsi unavyomtazama mtu aliyekalia mtungi wa maji huku akilia kiu. Akanieleza mpango. Dume lipo, yule mtu wa Nanyuki ataleta. Nimpe jike kwa muda, wapandishwe, watoto tugawane. Kibali changu kitafungua njia, chake ameshaomba. Nilimwambia hapana. Nilimwambia hapana kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu, asije akasema hakuelewa.

Akaenda kwa mama. Nilijua ataenda kwa mama. Mama anaishi nami, chumba cha nyuma, na kesi zote za familia husikilizwa kitandani kwake.

Kwa watu wa mama, kumnyima ndugu yako mbegu ni neno zito. Aliye na fahali hamfukuzi ng'ombe wa jirani. Aliye na ndama wengi humpa ndugu mmoja akalishe, na uzao unagawanywa, na hakuna anayeandika popote, kwa sababu kila mtu anajua. Ukikataa, watu hawakugombezi. Wanaacha tu kukualika. Mama aliniita akanikalisha.

"Wewe utamnyima ndugu yako mbegu?"

"Mama, huyu si ng'ombe."

"Kama si ng'ombe mbona anawashiwa taa usiku na mimi nalala na baridi?"

Nilimnunulia mama blanketi jipya siku hiyohiyo, nikidhani nimemaliza kesi. Blanketi alilipokea, na kesi akaendelea nayo. Kila mlo alikuwa anaanza na hadithi ya mtu fulani wa zamani aliyemnyima nduguye fahali akafa bila wa kumzika. Nilishindwa. Nilikubali kwa sharti moja: jike hatoki nyumbani kwangu. Dume lije hapa, lifanye kazi yake, liondoke.

Dume lililetwa na yule mtu wa Nanyuki mwenyewe. Jamaa mrefu aliyevaa koti la kijeshi la mitumba, kama wanavyovaa nusu ya wafanyabiashara wa mji ule, kana kwamba kununua koti la askari wa kizungu kunakupa cheo. Alinisalimia bila kunitazama. Alifungua kifuniko cha kioo changu bila ruhusa, akachimba kwa mkono, akamnyanyua nyoka wangu kwa mkia, kichwa chini, akamgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayechagua kitambaa.

"Rangi safi. Anaweza kuzaa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mrudishe," nilimwambia.

"Mama, mimi nimeshika hizi vitu nyingi sana."

"Na umezishika vibaya zote. Mrudishe."

Ndugu yangu alinikonyeza ninyamaze, kwa kuwa biashara haigombi. Basi mimi nilikuwa nagomba. Dume alilolitoa mfukoni, ndani ya soksi, lilikuwa dogo mno hata ndugu yangu akadhani ametapeliwa akauziwa mtoto. Kwa nyoka hawa ndivyo ilivyo, jike ndiye mkubwa, dume linaweza kulala ndani ya kikombe. Lilipochanganywa naye lilijua la kufanya. Ulikuwa msimu wa jua, kabla ya mvua ndefu, na baada ya muda dume likachukuliwa, na nyoka wangu akabaki.

Alianza kunenepa ubavuni. Kisha akaacha kula. Hii ni kawaida: jike wa aina hii akibeba mimba hukataa chakula, anakaa tu kwenye joto anangoja. Nilimweleza mama. Nilimweleza na ndugu yangu kwa simu, kwa kuwa alikuwa anapiga kila Jumapili kuuliza hali ya mgonjwa, sauti imejaa mapenzi ambayo mimi, dadake, sikuwahi kuyasikia nikiwa na malaria. "Hali chakula," nilimwambia, "na hatakiwi kula. Mwache." Akasema sawa. Kila mtu husema sawa.

Binti yangu ameolewa Murang'a. Alijifungua mtoto wa kwanza mwezi wa sita, kwa upasuaji, na nikaenda kumlea mzazi kama inavyotakiwa. Nilimwachia mama maagizo mepesi. Balbu isizimwe. Stima ikipotea, chupa ya maji moto ifungwe kwenye khanga, iwekwe chini ya kioo. Chakula, hapana. Mama alirudia yote vizuri. Mfanyakazi wangu wa duka naye aliyasikia.

Nikiwa Murang'a nilimpigia mama simu mara kwa mara. Nyoka yuko vizuri, alikuwa akijibu, kisha anauliza mtoto amefanana na nani. Mpaka siku moja mfanyakazi wangu alipokosea, au alipochoka kusema uongo, akaniambia kioo ni kitupu tangu wiki iliyopita. Ndugu yangu alikuja na pikapu. Mama alikuwa amemwambia kwamba nyoka hali kitu, anakonda shingo, na mwenye mimba hawezi kulala njaa kwenye nyumba ya watu walioshiba. Wakakubaliana wawili hao kwamba mimi nina roho ngumu.

Niliondoka Murang'a asubuhi ile ile. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeshuka, ule ukungu unaokaa siku nzima hata hujui jua limechomoza au limeghairi. Sikupitia nyumbani. Nilienda moja kwa moja Naro Moru, njia nzima nikipanga matusi kwa utaratibu, kuanzia madogo.

Ndugu yangu alinipokea getini kwa furaha. Hiyo ndiyo iliyonivuruga. Nilikuja na ngumi, yeye akanikumbatia, akaniuliza mjukuu anaendeleaje, akaanza kunitembeza. Nyuma ya banda la kuku alikuwa amejenga nyumba nyingine, akaiezeka kwa nailoni kuukuu ya mashamba ya maua ya Timau. Ndani, vizimba vya kware vilikuwa vimepata kazi kama alivyotabiri: vilijaa panya weupe. Chini kulikuwa na mabeseni ya plastiki yenye mchanga, na katikati jiko la makaa ndani ya chungu kilichotobolewa, lile lile la kulelea vifaranga. Majirani wachache walikuwa wamesimama nje ya ua, wanachungulia kati ya miti ya sipresi. Wifi yangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanakuja kila siku, kwamba mmoja ameshaapa kuichoma nyumba hii, na kwamba yeye mwenyewe angemletea kiberiti.

"Wako yuko hapa, mahali pa wageni wa heshima," ndugu yangu alisema, akafunua beseni kubwa.

Panya walikimbia kila upande. Walikuwa wengi, wakubwa, manyoya yao yana madoa mekundu. Nyoka wangu alikuwa juu ya mchanga, yeye ambaye hakuwahi kukaa juu ya mchanga mchana. Mgongo wake kuanzia katikati hadi karibu na mkia ulikuwa umeliwa. Nasema umeliwa. Mifupa ya uti ilikuwa nje, imesafishwa, na kandokando nyama ilikuwa nyeusi na inanuka. Nilipomgusa, nusu ya mbele ilijikunja polepole kuelekea joto la mkono wangu. Nusu ya nyuma haikufanya lolote. Mchanga ulikuwa baridi kama wa makaburini, lile jiko lilikuwa limezimika, sijui tangu lini.

"Umemweka na panya hai?"

"Nimemwekea chakula!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Mama alisema hali. Na ako na mimba, dada. Hata ng'ombe, ile miezi mbili ya mwisho unamwongezea unga ndio azae vizuri. Nilimwekea wengi, ndio akisikia njaa asikose. Hata jana nimeongeza."

Ndivyo wanavyofuga huku. Mfugaji mzuri hujulikana kwa hori lake: ukipita saa yoyote ukalikuta limejaa, basi mtu huyo ana moyo. Ndugu yangu hakuwa amemtesa nyoka wangu. Alikuwa amemkirimu. Alimjazia hori, akafunika, akaenda kulala akiwa ameridhika na nafsi yake.

"Na hawa panya," nikamwuliza, "wao uliwapa nini wale?"

Macho yake yakarudi kwenye beseni, yakakaa kwenye ule mgongo, na nikaona habari inamwingia kwa mara ya kwanza.

Nilimtoa nyoka nje nikampiga picha, nikamtumia daktari wa mifugo wa mjini ambaye ni mteja wangu. Ni daktari wa ng'ombe, lakini mfupa ni mfupa. Alijibu upesi: mama, pole, hapo hakuna cha kutibu, usimwache ateseke. Nilimsomea ndugu yangu jibu hilo kwa sauti.

"Hapana," akasema. "Ngoja. Anapumua bado."

"Anaoza akiwa hai."

"Lakini anapumua. Bora anapumua, watoto wanakua. Imebaki wiki chache tu, dada, wewe mwenyewe ulihesabu. Nitawasha jiko usiku kucha. Nitakaa hapa mimi mwenyewe. Azae kwanza, alafu ufanye vile unataka."

"Wiki chache na mgongo huu?"

"Yule mtu ya Nanyuki ashapeleka picha za tumbo. Watu wanangoja." Akashika mkono wangu, ule uliokuwa umemshika nyoka. "Mimi niko na watoto wanne shule. Wewe uko na uwanja. Wewe hii ilikuwa ya kujifurahisha. Kwangu si mchezo."

Nikamwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilianza na sungura nikamalizia na kware, na katikati nikagusa vitu ambavyo wifi yangu hakuwa anavijua. Hakurudisha hata moja. Alingoja nimalize, akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Sawa. Mimi nimemfunga kwa beseni. Na wewe? Hukumfunga? Umemweka ndani ya kioo miaka na miaka, peke yake, hata mwenzake hakuwahi kumwona mpaka mimi nilipomletea. Ya nini? Ndio wewe ukunywe chai. Kama ni kumtumia, tumemtumia sisi wote."

Iliniuma, na iliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Mimi ndiye niliyemtia kwenye ndoo. Hakuomba chai yangu. Lakini ile nusu nyingine ndugu yangu hataielewa hata nimchoree: kwangu nyoka yule hakutakiwa kufanya kazi yoyote ndipo astahili kuishi. Akizaa, akikaa, akilala mwezi mzima chini ya mchanga nisimwone, alikuwa ameshatimiza. Kwake alikuwa na kazi ya kumaliza, na mpaka aimalize hakuruhusiwa hata kufa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache na makali zaidi. Akasema hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Basi nikauliza jembe liko wapi.

Ndugu yangu akasimama mbele ya mlango wa stoo akaeneza mikono, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, analinda jembe lake. Wifi yangu aliangalia chini. Nilizunguka naye tukafanya kama watoto, mimi kushoto, yeye kushoto, mimi kulia, yeye kulia, nyoka mkononi mwangu anajikunja na kujikunjua. Ndipo sauti ikatoka kwenye ua wa sipresi.

"Chukua hii, mama."

Alikuwa bibi mmoja wa jirani, mfupi, kitambaa kichwani, gambuti za mvua miguuni. Alikuwa amepitisha jembe lake juu ya ua, mpini ukinielekea. Siku nzima ile nilikuwa sijapewa na mtu yeyote kitu nilichokiomba.

Nilimlaza kwenye nyasi. Nilimfunika kichwa kwa kiganja kwa muda, si kwa sababu inasaidia, ila kwa sababu sikuwa tayari. Alikuwa na tumbo zito, na ndani yake walikuwa wadogo ambao pengine wengine walikuwa wazima. Sijui, na sitaki kuambiwa. Nikaondoa mkono. Nilipiga nyuma ya kichwa, mara moja, kwa nguvu zangu zote, jembe likazama kwenye udongo hata nikapata taabu kuling'oa.

Ndugu yangu alikaa chini pale pale mlangoni pa stoo. "Umenimaliza," akasema, akaanza kulia kwa sauti, na wifi yangu akachukua ndoo akaenda kuokota mayai. Sikumwendea. Sijamwendea mpaka leo, mama aseme atakavyo.

Nje ya ua watu walikuwa wanapiga makofi. Sikuelewa mara moja kwamba wananipigia mimi. Mwanamume mmoja alipiga mluzi. Mwingine akasema hapo sasa kazi imefanyika, nyoka dawa yake ni jembe, hakuna habari ya kioo wala beseni. Walikuwa wamefungua sehemu ya ua na kuingia, wanamzunguka pale kwenye nyasi, wanausukuma mwili kwa vidole vya viatu kuhakikisha. Katika miaka yote niliyoishi naye hakuna aliyewahi kunipongeza kwa lolote. Yule bibi alikuja kwangu akanishika mikono yote miwili, ya kwake ina joto, akaitikisa.

"Mungu akubariki, mama," akasema. "Sisi tuliambiwa huyu jamaa ako na dada Nyeri, ati ndiye anafuga hizi vitu, ati anaziwashia taa. Tukasema huyo ni mtu wa aina gani. Kumbe walikuwa wanakusingizia tu."

Nikafuta jembe kwenye nyasi, nikamrudishia, nikamwambia asante.